Shajara ya Honda C70: kutoka ghala la pamba Misungwi hadi Nansio

Juni, mwanzoni. Imefika

Honda imeshushwa jana jioni hapa Mabatini, Mwanza, kutoka juu ya guta, imefungwa kamba katikati ya magunia ya dengu. Ni ya mjomba, mwalimu mstaafu wa Misungwi. Aliiegesha kwenye ghala la pamba mwaka ambao gia ya pili ilianza kuchomoka yenyewe, akanunua baiskeli. Kwenye simu kaniambia, "Mpwa wangu, ukiifufua ni yako. Ukiona imekushinda usiwape watu wa vyuma chakavu, nirudishie." Nimemjibu, "Sawa mjomba. Ila usiitengee nafasi ghalani."

Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye kwao kuna pikipiki ndogo ya zamani imelala, hasa huku Kanda ya Ziwa, na kila mgeni anayeingia anamshauri aiuze aongezee hela anunue kubwa.

Kwa asiyeijua: C70 ni cc 72, gia tatu, haina mkono wa klachi, na fremu yake imeshuka katikati ili upitishe mguu bila kuurusha juu. Napanda na gauni la kazi bila shida yoyote. Ukoo wake ulianza Japani mwaka 1958 na Super Cub ya cc 49. Miaka miwili kabla ya hapo Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walikuwa Ulaya wakitazama vipikipiki vya huko. Fujisawa alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi kwa wateja angekiendesha kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika sinia. Ndiyo maana klachi ikafichwa ndani, ikawa inashika yenyewe injini ikizunguka vya kutosha. Mwaka 2017 ukoo huo ulitimiza pikipiki milioni 100, na hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kutengenezwa kwa wingi huo.

Lengo: irudi kwenye uzito wake wa asili, inipeleke kazini, inizungushe mwambao wa ziwa, halafu tuvuke nayo hadi Nansio, kisiwani Ukerewe.

Wiki iliyofuata. Mizani

Mimi ni karani wa mizani kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Magunia ya dagaa yanaanza kupita mbele yangu kabla jua halijatoka. Nikikaa hapo namuona mbebaji anavyobadilisha hatua gunia likizidi kilo tano tu. Magoti yanaongea kabla ya mshale wa mizani. Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, nimeisukuma Honda hadi kwenye mizani. Kilo 97, tangi tupu.

Haikutoka kiwandani hivyo. Huko kijijini ilichomelewa kerea ya nondo ya kubebea pamba na bampa ya bomba nene mbele. Fundi kakata vyote. Kerea peke yake ina kilo 11. Bampa nne na nusu. Ndani ya madigadi kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga umekauka kama tofali, tumeung'oa kwa bisibisi, karibu kilo moja. Kisha mabaki mengine: kisanduku cha bati, mnyororo wa kufungia, kipande cha reli ambacho hakuna aliyejua kinafanya nini pale. Sasa inasoma 77 na nusu.

Kijana anayetubebea mzigo alipandisha Boxer yake ya 150 palepale, ina petroli, kerea na bampa: 131. Akaniangalia, akaiangalia Honda, akasema, "Dada, hiyo ni baiskeli yenye injini." Nikamwambia ndiyo, ndicho ninachokitaka.

Juni, mwishoni. Injini chini

Injini ya ukoo huu inashikwa kwenye fremu na bolti mbili ndefu. Fundi katoa waya, mpira wa petroli, mnyororo, ekzosi, kisha zile bolti mbili, na injini ikatua mikononi mwangu. Nimeibeba mwenyewe hadi mezani. Kilo 19. Kazi ya kuishusha iliisha kabla chai haijapoa, na huo ndio uzuri wa kwanza wa kitu chepesi: mtu mmoja anatosha. Huhitaji winchi wala vijana watatu wa kushikilia.

Tulichokikuta: uma wa kusukumia gia umeliwa upande mmoja, ndiyo sababu ya gia ya pili kuchomoka. Ringi zimechoka. Silinda ina mikwaruzo unayoisikia kwa kucha. Pointi, vile visahani vinavyokutana na kuachana ili cheche ipigwe, zimeungua. Kabureta imejaa unga wa kijani. Shafti zote nzima, beringi nzima. Mjomba alikuwa anabadilisha oili, hilo nalishuhudia kwa macho, maana injini hii haina filta ya kubadilisha ya oili na tumbo lake halifikishi hata lita moja. Ukisahau oili, inakufa mapema.

Silinda imepelekwa kuchongwa, pistoni ya oversaizi, yaani pana kuliko ya asili kwa milimita 0.50, tumeagiza Dar, imekuja na basi. Kuipata si kazi ngumu: pistoni ya C70 ina upana wa milimita 47, inapanda na kushuka milimita 41.4, na Wachina wamenakili injini hii kwa vipimo hivyohivyo, kwa hiyo spea bado zinatengenezwa. Uma wa gia ndio umetusumbua. Tumeutoa kwenye injini nyingine iliyokufa, huko Nyakato.

Julai. Valvu

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipoielewa hii mashine.

Fundi kanionyesha magneto, gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, upande wa kushoto. Kwenye ukingo wake kuna alama mbili zilizochongwa, T na F. T ikikaa mkabala na alama ya kwenye injini, pistoni iko juu kabisa. F ndiyo mahali ambapo pointi zinatakiwa zianze kuachana ili plagi ipige cheche. Tumeizungusha kwa mkono hadi T, tukahakikisha valvu zote mbili, milango ya kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa na ya kutoa moshi, zimefunga. Halafu kachukua fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, chenye unene wa milimita 0.05. Nafasi ya valvu kwenye C70 ni hiyohiyo kwa ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa ya baridi.

"Shika hapa, binti. Ivute."

Nimevuta. Kibati kimepita bila kugusa kitu.

Kakaza skrubu ya mraba kidogo sana. "Tena." Safari hii kikagoma. Kalegeza kwa kiasi ambacho macho yangu hayakukiona. "Tena." Kikatoka kwa kusuasua, kina mafuta, kinavutika ila kinajua kimebanwa. "Basi. Hapo hapo." Akashikilia skrubu kwa plaizi na kukaza nati yake, kisha akaniambia nivute tena, kwa sababu nati ikikazwa hupenda kuizungusha skrubu pamoja nayo. Ilikuwa bado iko sawa.

Injini nzima ina valvu mbili. Ukizipima asubuhi, saa nne uko barabarani. Sijui chombo kingine cha moto ambacho mtu wa kawaida anaweza kukijua chote hivi, kutoka kwenye skrubu hadi tairi, bila kusomea ufundi.

Julai, baadaye. Rangi

Bluu ileile ya zamani, ngao za miguu nyeupe. Hakuna zaidi ya kusema.

Julai, Jumapili. Imewaka, imetembea

Kiki, kiki, kimya. Fundi kafungua choki nusu, kiki, ikawaka. Sauti yake ni ndogo, ya pole. Jirani mmoja alidhani cherehani ya mtu imewekwa mota.

Nimevaa kofia ngumu, nikashuka nayo taratibu hadi barabara ya Nyerere, nikaelekea mjini. Sasa nieleze gia zake. Pedali ina pande mbili, mbele kwa vidole, nyuma kwa kisigino. Ukikanyaga mbele, klachi inaachia na gia inaingia palepale. Ukiinua mguu, gia inashika. Ukichelewesha mguu chini, inabaki imeachia. Kwa hiyo ulaini wote wa safari uko kwenye unyayo wa kushoto na kiganja cha kulia, na viwili hivyo vinatakiwa vielewane. Ukiinua mguu injini ikiwa imelala, inakutikisa. Ukigusa resi kidogo kabla ya kuinua, inapita bila wewe kuhisi. Nimefika Kamanga nikiwa nimeanza kuipata.

Breki ya mbele nayo ina tabia yake. Pikipiki nyingi ukibana breki zinazamisha pua. Hii, kwa jinsi mikono ya shokapu zake ilivyotangulia mbele, inapandisha pua. Mara ya kwanza inashangaza. Baada ya kona chache unaipenda, kwa kuwa unafunga breki na chombo kinabaki kimesimama wima chini yako.

Nimezunguka Capri Point kwenye ile barabara ya ukingoni mwa ziwa, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo. Nguvu yake ni farasi sita tu, au pungufu kidogo, na wote wanafanya kazi. Resi imevutwa hadi mwisho, gia ya tatu, na bado mwendo ni wa kistaarabu, hakuna wa kugombana naye. Kwenye pikipiki kubwa ndani ya mji unatumia robo ya ulichokilipia na robo tatu unazizuia kwa mkono. Hapa hakuna kinachobaki nyuma. Kila kitu injini ilichonacho kiko barabarani, na wewe ndiye unayekipanga.

Agosti. Kilima cha Bugando

Kilima kimeifundisha kazi, na mimi pia. Ukianza kupanda ukiwa umesimama, gia ya kwanza inalia, ya pili inakata tamaa. Ukianza na mwendo ulioubeba kutoka tambarare, gia ya pili inakupeleka hadi juu. Maana yake unaanza kukisoma kilima ukiwa bado chini: daladala iko wapi, nani anataka kuvuka, je nitalazimika kusimama? Wenye injini kubwa hawana haja ya kusoma. Wanavuta tu resi. Mimi nazidi kuona kwamba kusoma huko ndiko kuendesha.

Hata hivyo nimebadilisha spoketi ya mbele, kile kigurudumu cha meno kinachovuta mnyororo, nimeweka yenye jino moja pungufu. Mwendo wa mwisho umepungua, na kilima kimekuwa rafiki. Mwanza ni mji wa miamba na vilima. Asiyeishi tambarare asijifunge kwa mwendo wa tambarare.

Tairi nimeweka zilezile za asili, 2.25 mbele na 2.50 nyuma, zote za inchi 17. Boxer inavaa 2.75 na 3.00 za inchi hizohizo. Vijana wa kijiweni wamenisihi niweke pana zaidi, kwa kupendeza. Nimekataa. Tairi jembamba linaingia kona ukilifikiria tu, na kwenye lami ya mji halina kosa.

Kwenye tope ndipo linapoteleza, nitayaandika hayo vuli ikifika.

Agosti. Taa

Umeme ni wa volti 6 na taa ya mbele inakula moja kwa moja kutoka kwenye magneto. Ukiachia resi inafifia, ukivuta inang'aa. Njia za ndani za Mabatini inatosha. Barabara kuu usiku siendi nayo, hilo nimeamua na sibadilishi.

Na hata mchana niseme ukweli: kwenye barabara kuu yenye malori, pikipiki hii si mahali pake. Unakaa kushoto kabisa, unapitwa na basi, upepo wake unakusukuma, unakaza mikono. Mtu anayetoka Mwanza kwenda Shinyanga kila wiki anunue kubwa, na afanye hivyo kwa moyo mweupe. Raha ya pikipiki ndogo iko kwenye barabara ambazo malori hayana habari nazo.

Septemba. Igombe, Sangabuye, Kayenze

Barabara ya namna hiyo ninayo karibu. Ukipita Pasiansi na uwanja wa ndege unaendelea kaskazini, unafika Igombe, kisha Sangabuye, kisha Kayenze, ziwa likijitokeza na kujificha nyuma ya mawe kushoto kwako. Asubuhi mapema kina mama wanaanika dagaa, na harufu inakufikia kabla ya kuwaona. Kwa kasi ya Honda unaona kila kitu: nyavu zimetandazwa, mtoto anafukuza kunguru, bango la chanjo limekwaruzwa. Unasalimia na salamu inafika, unasikia na jibu lake.

Mbele ya Sangabuye maji ya mvua zilizopita yalikuwa yamekula kalavati, pamebaki ukingo wa kupita mtu na ng'ombe. Gari dogo lilikuwa limegeuza. Nimezima injini, mzee mmoja aliyekuwa anachunga kanisaidia kushika nyuma, tukainyanyua Honda na kuivusha, yeye bila hata kuweka fimbo chini. Akaniuliza, "Hii ndiyo ile ya walimu?" Nikamwambia ndiyo baba, ya mwalimu wa Misungwi. Akaigonga tangi kwa vidole. "Hizi zilikuwa zinafika kila mahali."

Ni kweli, na sababu yake ndiyo ileile niliyoiona mizani: kinachofika kila mahali ni kile kinachoweza kubebwa njia ikiisha. Nguvu inasaidia mahali ambapo tayari kuna njia.

Mchangani karibu na mwalo wa Kayenze nimeipitisha huku miguu yote miwili iko chini, inatembea nami. Ilipozama kidogo, nimeishika kiti na kuisogeza pembeni. Hakuna aliyekuja kusaidia kwa sababu hakuna aliyeona kuna shida.

Septemba, mwishoni. Darajani

Kigongo hadi Busisi sasa ni daraja, kilomita tatu juu ya ghuba, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake ilikuwa kivuko na foleni. Kila mtu kaniuliza kama Honda itapenda pale juu, basi nimekwenda siku ya upepo makusudi, nikipitia njia ya Usagara.

Upepo wa mchana unatoka ziwani na pale katikati ya ghuba hauna cha kuuzuia. Chombo cha kilo 80 na mimi wa kilo 58, unatusukuma wazi. Kitu cha kufanya nilikijua kutoka kwenye mtumbwi: usishindane nao kwa kukaza mikono. Nimelegeza viwiko, nikabana magoti, nikaiacha Honda iegemee upande wa upepo kidogo na kuendelea hivyo, imeinama lakini inakwenda moja kwa moja. Upepo ukipungua inasimama yenyewe, ukirudi inainama. Chini kushoto na kulia ni maji matupu. Nimeimba, sikumbuki wimbo gani, hadi Busisi.

Kurudi nimesubiri jioni upepo ulale.

Oktoba. Mizani tena

Baada ya kazi yote, tangi limejaa, oili iko sawa, kioo kimoja, spana mbili na tyubu ya akiba chini ya kiti: kilo 80 kamili. Kijana wa Boxer ameomba aijaribu ndani ya uzio wa soko. Kazunguka mara moja, kazunguka tena, kisha akaenda nayo hadi mwisho wa mabanda na kurudi kwa kasi, amejikunja juu ya usukani. Aliposhuka hakusema habari ya baiskeli. Aliuliza kama mjomba ana nyingine.

Lita mbili zinanitosha wiki ya kazi na kubaki.

Oktoba, baadaye. Nansio

Mvua za vuli hazijashika, tumevuka na meli ya asubuhi. Pikipiki nyingine zilipandishwa kwa kusukumwa na watu wawili wawili kwenye ubao. Ya kwangu nimeipandisha mwenyewe kwa gia ya kwanza, natembea pembeni yake, nagusa resi kidogo tu na klachi inashika yenyewe. Baharia kanionyesha kona karibu na makreti ya soda.

Ukerewe ni kisiwa cha kasi hii. Barabara za vumbi, mashamba ya mihogo hadi ukingoni, machungwa yamepangwa mafungu mlangoni, baiskeli kila upande. Na baiskeli ndizo zilizonipokea: waendeshaji wake wanaichukulia Honda kuwa ya kwao, hawanipishi kwa hofu, tunakwenda sambamba tunaongea. Mmoja kanisindikiza kutoka Bukindo hadi njia panda ya kurudi Nansio, yuko na mikungu miwili mitatu ya ndizi kwenye kerea, akanieleza bei ya sato wiki hii na wapi barabara imechimbika. Nilikuwa kwenye gia ya pili, resi ya kugusa tu. Injini haikuchemka wala haikulalamika.

Nimelala Nansio. Jioni nimekagua: oili safi. Mnyororo umelegea, nimeuvuta kidogo kila upande na kuhakikisha alama za mkono wa nyuma zinalingana. Valvu kimya. Pointi nimezifuta kwa karatasi. Spoki mbili za tairi la nyuma zinalia ukizigonga, zimelegea kwa mashimo ya leo. Mwenyeji wangu anasema pale Rugezi, karibu na kivuko, yuko fundi baiskeli anayenyoosha rimu kwa sikio. Nitampitia asubuhi, halafu navuka Kisorya na kurudi nyumbani kwa njia ya Bunda na Magu, pole pole, mchana.